Dundu Wasiokimbia

Kila asubuhi, kabla watawa hawajafika kwenye kona ya nyumba yao, Buppha alikuwa ameshaepua kapu la wali wa kunata, ameumwaga wali juu ya ubao na kuugeuzageuza kwa mwiko ili upoe. Bibi Onsi alitoka akiwa na kitambaa begani, wakapiga magoti kando ya njia, na kila mtawa alipopita walimtilia tonge kwenye bakuli lake. Kisha walirudi ndani kula.

Kula kwenyewe ndiko kulikokuwa na shida. Tangu Babu Thongsuk afariki wakati wa joto, Bibi alikuwa akimega tonge, akalizungusha vidoleni, akalitazama, halafu akalirudisha kapuni. Buppha aliona hivyo asubuhi, akaona hivyo jioni. Mama yake alikuwa akifanya kazi ya kushona kwenye kiwanda huko mji mkuu, na kila alipopiga simu aliuliza, "Bibi anakula?" Buppha alijibu kwamba anakula kidogo. Kidogo hicho kilikuwa kinazidi kupungua.

Mvua zilikuwa zimekolea, na mwezi wa tisa wa kuandama ulikuwa unaelekea kwenye giza lake. Kijiji chote cha Nong Saeng kilikuwa kinajiandaa kwa siku ya vifurushi. Siku hiyo, kabla jua halijatoka, kila nyumba hufunga chakula kwenye majani ya mgomba na kwenda kukiweka chini, udongoni, kando ya ukuta wa hekalu na kwenye mashina ya miti, kwa ajili ya marehemu wao. Marehemu hupewa ruhusa ya kurudi siku hiyo. Aliyekufa mwaka huohuo ndiye anayeonewa huruma zaidi, kwa sababu ndiyo mara yake ya kwanza kuja na hajazoea njia. Ni vizuri awekewe kitu ambacho atakitambua kwa harufu.

Ijumaa jioni Bibi alikuwa ameketi sakafuni akifuta majani ya mgomba. Buppha, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na aliyejua tayari kufunga vifurushi vizuri kuliko mama yake, aliketi karibu naye.

"Babu utamwekea nini, Bibi?"

"Samaki wa kuchoma. Ndizi. Tumbaku yake."

"Na pilipili ya kutwanga na dundu?"

Bibi aliacha kufuta. "Dundu nitawatoa wapi mimi? Magoti haya yameshagoma. Aliyekuwa anatuchimbia ndiye huyo tunayemwekea."

"Nitachimba mimi."

"Wewe?"

"Babu alinifundisha mimi, hakumfundisha mtu mwingine. Nitakuletea ndoo."

"Ndoo nzima? Wee mtoto una maneno." Lakini mkono wa Bibi ulikuwa umeshaingia kapuni. Alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki, akala. Akamega lingine. "Alikuwa anapenda nisage na mchaichai," alisema. "Kwa wingi, mpaka unapiga chafya." Buppha alijifanya anahangaika na majani ili asionekane anatazama. Baadaye alimsikia Bibi akimwambia jirani kupitia uani, kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, kwamba mwaka huu mzee Thongsuk atakula dundu, mjukuu wake anakwenda kuchimba.

Jumamosi asubuhi Buppha alichukua kijembe cha Babu, chembamba chenye mpini mrefu, akampitia rafiki yake Malai, wakaenda kwenye malisho ya Mjomba Bunmi, kaka yake mama. Mjomba ndiye mtu pekee upande ule wa kijiji ambaye bado alifuga nyati. Wengine walishauza wa kwao wakanunua mashine za kulimia.

"Mama akisikia harufu hii mwilini mwangu leo nitalala nje na mbwa," alisema Malai.

"Mbwa watakukataa. Shika ndoo."

Dundu wa shimoni haviringishi kitu kama wale wadogo wa njiani. Yeye huingia chini ya kinyesi cha nyati kikiwa bado kibichi, akatoboa shimo moja kwa moja kwenda chini, na kukishusha chakula kidogokidogo mpaka chumbani kwake. Hapendi tope, kwa sababu kuta za shimo humwangukia. Hapendi mahali maji yanaposimama. Ukitaka kumpata, unaondoa kinyesi kwa jembe, unatafuta kichuguu kidogo cha udongo mpya, unachomeka unyasi kwenye tundu ili usipotee njia, kisha unachimba kwa kuufuata unyasi. Na unachimba upesi. Babu alikuwa akisema kwamba ukishafunua, muda ulio nao ni wa kupiga chafya moja tu. Ukipiga ya pili, mwenzako ameshashuka.

Lakini asubuhi hiyo hapakuhitajika haraka. Buppha aliondoa kinyesi cha kwanza, na dundu, weusi, wanene, madume wakiwa na pembe puani, walikuwa palepale juu juu. Aliwaokota kama mtu anayeokota matunda yaliyodondoka. Kinyesi cha pili vivyo hivyo.

"Jamani, hawa wamekuja kutupokea," alisema Malai.

"Ni mkono tu. Babu alisema nina mkono mwepesi kuliko wake."

"Babu yako alikuwa anakudekeza."

"Basi jaribu wewe tuone."

Malai alijaribu, naye akaokota bila taabu, akamcheka Buppha mpaka akakaa chini. Buppha hakufurahi sana. Alichimba shimo lililofuata kwa kina zaidi, ili aonyeshe kazi, na jembe lake likapasua donge la kinyesi lililofichwa chini kabisa. Ndani ya donge kama hilo jike hutaga yai, na mtoto hukua humo akila kuta za nyumba yake. Mtoto huwa mweupe, mnono, amejikunja, na ukimfunulia mwanga hujinyonganyonga kwa hasira. Huyu alikuwa mweusi, amesinyaa kama ganda la kunde. Buppha alitafuta alama ya jembe mwilini mwake. Haikuwapo.

"Nini?" aliuliza Malai.

"Hamna kitu." Alifukia shimo, akalikanyaga, kama alivyofundishwa, nyati asije akatumbukiza mguu. Ndoo ilikuwa imekaribia kujaa, na Bibi alikuwa anasubiri.

Bibi alipoiona ndoo alicheka. Alitoa kinu akakisugua, akakianika. Dundu walitiwa kwenye maji, maana lazima walale humo ili wajisafishe tumbo kabla ya kupikwa. Hakuna mtu wa Nong Saeng anayekiuka hilo. Siku zote Babu alipoloweka dundu, nyumba nzima ilijua: miguu yao yenye meno ilikwaruza ndoo bila kuchoka, na Babu alilalamika usingizini kana kwamba si yeye aliyewaleta. Jioni hiyo Buppha alijilaza akatega sikio. Alisikia vyura. Ndoo ilikuwa kimya.

Jumapili, alipomaliza kuwapa watawa wali, aliinama juu ya ndoo. Wengi walikuwa wamekufa. Waliobaki walisogeza miguu polepole, bila kwenda popote. Aliweka wachache kwenye kopo akaenda kwa Mjomba Bunmi, aliyekuwa kibarazani akisuka kamba ya pua ya nyati.

"Mjomba, nyati wako wana nini?"

"Wana afya. Si unawaona ngozi zinavyong'aa? Bwana mifugo amewachoma sindano ya minyoo juzi juzi tu."

"Dundu wao wanakufa."

"Dundu wao? Tangu lini nyati wangu wakafuga dundu?" Mjomba alicheka peke yake. Kisha alilichukua kopo, akamtoa mmoja, akamlaza chali kwenye kiganja. Dundu mzima ukimlaza chali hugeuka kwa nguvu na kukuchana. Huyu alibaki vilevile. Mjomba aliacha kucheka.

"Bwana mifugo aliniambia nisichinje mpaka dawa iishe mwilini mwao," alisema. "Nyama isiliwe. Habari za kinyesi hakusema, na mimi sikuuliza. Nani anauliza habari za kinyesi?"

"Mtu akila hawa atadhurika?"

Mjomba alifikiri. "Sijui, mpwa wangu. Pengine asidhurike. Lakini mtoto wangu nisingempa."

Buppha alirudi na kopo lake. Malai alikuwa anamsubiri langoni, na Buppha akamweleza yote.

"Sasa unahangaika nini?" alisema Malai. "Kwani ni nani atakayekula? Ni babu yako. Naye, unisamehe, ameshakufa. Maiti haumwi tumbo."

Buppha alicheka bila kutaka. Kisha akaona kwamba maneno yale yalikuwa yanampa njia ya kutokea. Akimwambia Bibi ukweli, Bibi atarudisha tonge kapuni, kesho na keshokutwa, na mama akipiga simu hakutakuwa na hata kidogo cha kumwambia. Na majirani wote wameshasikia. Akinyamaza, kifurushi kitawekwa chini, Bibi atafurahi, na hakuna aliye hai atakayegusa. Alilipima jambo hilo huku na huku akaliona limekaa sawa. Aliwasha jiko la mkaa, akawakaanga dundu bila mafuta, akawatoa mabawa na miguu, akaanza kutwanga.

Harufu ilimtoa Bibi ndani. Aliketi karibu na kinu, akafumba macho kidogo.

"Miaka yote tuliyoishi," alisema, "hakuwahi kula pilipili ya dundu kabla sijaonja mimi. Alikuwa ananisogezea kinu: hebu onja, chumvi imetosha? Mimi naonja, ndipo anakula." Akamega tonge dogo la wali, akanyoosha mkono kuchovya.

Buppha aliushika mkono ule. Aliushika kwa nguvu kiasi kwamba tonge lilianguka.

"Usile, Bibi."

"Kuna nini?"

Akamwambia. Alianza na dundu walioshindwa kukimbia, akasema habari ya mtoto mweusi aliyesinyaa, ndoo iliyokaa kimya, sindano ya nyati, na neno la Mjomba. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na ulikuwa unamtwangia Babu yako."

"Nilidhani yeye hawezi kudhurika."

Bibi alijifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. Hakupandisha sauti. "Mkono wangu umeushika," alisema. "Wa kwake angeushika nani?"

Bibi alikibeba kinu hadi nyuma ya nyumba, akamwaga kila kitu kwenye shimo, akafukia, kisha akakisugua kinu kwa jivu na maji ya moto. "Basi," alisema aliporudi. "Samaki wapo. Atakula samaki." Alipita kando ya kapu la wali akaingia ndani.

Buppha alibaki uani. Angeweza kulia, na machozi yalikuwa karibu, lakini aliona kwamba mchana ulikuwa bado mrefu. Babu hakuwahi kumwambia kwamba dundu wanaishi kwa Mjomba Bunmi. Alimwambia wanaishi mahali penye kinyesi kizuri na udongo usiotuamisha maji. Mahali kama hapo huenda pakawa kwingine. Alichukua jembe, akaenda mbio kwa Mjomba.

"Mjomba, kuna nyati hata mmoja ambaye hakuchomwa sindano?"

"Yule jike mwenye mimba. Tumeambiwa tumwache mpaka azae. Nimemfunga kule juu, ukingoni mwa msitu." Alimtazama miguuni, akaliona jembe. "Huko ni changarawe tupu, Buppha. Utavunja jembe."

"Jembe la Babu halijavunjika hata siku moja."

"Na mikono yako?"

"Itapona."

Malai alimfuata huku akinung'unika kwamba Jumapili ni siku ya kupumzika, na kwamba yeye hana babu huko. Hata hivyo ndiye aliyebeba ndoo.

Jike alikuwa amefungwa kwenye mti, tumbo limejaa, akiwatazama bila haja. Ardhi ilikuwa nyekundu na ngumu. Buppha aliondoa kinyesi cha kwanza, na kabla hajauchomeka unyasi vizuri dundu alikuwa ameshazama. Alichimba. Jembe liligonga mawe likaruka. Alichimba mpaka akafika chini, akakuta chumba kitupu. Mwenyewe alikuwa ametoboa pembeni akaenda zake. Shimo la pili liliporomoka. Mvua ilipita, ikawalowesha, ikaenda. Ngozi ya kiganja ilianza kuchubuka.

"Hawa wa leo wana haraka kama wamechelewa basi," alisema Malai, ambaye sasa alikuwa amepiga magoti kwenye tope na kusahau habari za harufu. "Pale, pale, anashuka, wewe unapiga chafya?"

Buppha alipenyeza mkono wote kwenye shimo, hadi begani, akamshika. Dundu alimpanua vidole kwa miguu yake ya mbele, kwa nguvu ambayo usingeitarajia mwilini mwa kitu kidogo vile, akamchana. Buppha hakumwachia. Alipomtoa nje, mtu na dundu wote walikuwa wekundu kwa udongo, na Malai akapiga makofi.

Wakati mmoja jembe lilifunua donge. Buppha alisita, kisha akalitazama. Mtoto alikuwa mweupe, mnono, na alijinyonganyonga kwa ghadhabu alipoona mwanga. "Samahani," Buppha alimwambia, akalirudisha donge mahali pake, akalifukia taratibu.

Walifanya kazi mpaka nyati alipokuja kufunguliwa arudi nyumbani. Dundu waliopatikana hawakufunika hata sakafu ya ndoo. Buppha alimpelekea Bibi, akaweka ndoo mbele yake.

"Ni wachache," alisema. "Nilikwambia nitaleta ndoo nzima. Nimeshindwa."

Bibi alitazama ndoo, kisha akatazama viganja vya mjukuu wake, akavigeuza juu na chini. Alileta mafuta ya nazi, akampaka. Dundu walipotiwa majini walianza kukwaruza, na kelele zao zilijaa nyumba nzima. Bibi aliketi karibu na ndoo mpaka wakati wa kulala, akisikiliza, na hakuna aliyemsumbua.

Alfajiri ya siku ya vifurushi walitwanga pamoja, kwa mchaichai mwingi. Bibi alionja kwanza, akasubiri kidogo, ndipo akaonja Buppha. Ilitosha kifurushi kimoja tu. Walikibeba pamoja na vile vya samaki na ndizi, wakavipanga udongoni kando ya ukuta wa hekalu, katikati ya vifurushi vya watu wengine, na Bibi akamwita mumewe kwa jina, polepole, kama mtu anayemwamsha aliyelala. Akamweleza chakula kiko wapi. Watawa walisoma dua. Halafu kukapambazuka, na watu wakasimama wakisalimiana.

Kulipopambazuka wakaja na wale wanaokuja kila mwaka: mbwa wa hekalu, kuku, na watoto wadogo ambao hawangojei kuambiwa. Mdogo wake Malai, Tui, aliyekuwa hajaanza shule, alitembea kando ya ukuta akinusa vifurushi kimoja baada ya kingine. Alisimama mbele ya cha Babu Thongsuk. Akakiokota, akakifungua, akaketi palepale chini na kuanza kula kwa vidole.

Malai alimshika Buppha mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ni kile," alisema. "Ni kile cha dundu."

"Ndiyo," alisema Buppha.

Wote wawili walimtazama Tui akitafuna. Pilipili ilimtoa machozi, akafuta pua kwa mkono, akaendelea. Waliliona hilo kila mwaka, na jana hakuna kati yao aliyelikumbuka. Mkono wa Malai ulichukua muda kulegea.

"Mwacheni ale," alisema Bibi Onsi, aliyekuwa nyuma yao. Mjomba Bunmi alikuwa kando yake, amevua kofia. "Kila mwaka ni hivyo. Tunawawekea wafu, na wanaoshiba ni watoto. Mimi nilijua hilo jana nilipomwaga kile kinu, lakini sikukukumbusha, Buppha. Ulipokwenda kuchimba tena, nilitaka uchimbe kwa ajili ya Babu, usichimbe kwa kuogopa."

Mjomba alikohoa. "Hawa niliowachoma sindano nitawafungia zizini mpaka dawa iwaishe," alisema. "Kinyesi chao nitakifukia mbali. Na mwakani nikichoma, nitachoma kwa zamu, malisho yasibaki bila nyati wasio na dawa. Dundu watarudi. Siwezi kumpita Tui njiani kila siku huku nikijua angeweza kula nini."

"Umesema vizuri," Bibi alimjibu. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Anayeweza kulalamika hujilinda mwenyewe, anakutemea chakula usoni, yakaisha. Asiyeweza, awe mtoto mchanga, awe mnyama, awe marehemu, hana ulinzi ila ukweli wako. Jana ulikuwa na njia nyepesi mkononi ukaiacha, tena ukaniambia mwenyewe kabla sijagundua. Ukikua utapewa watu wengi wa kuwapikia, na kazi nyingi za kuwafanyia watu wasioziona. Uzifanye kama ulivyotwanga leo."

Buppha aliitika kwa kichwa. Viganja vilikuwa vinamwasha bado, na hakujali.

Bibi alijitanda kitambaa chake vizuri, akatazama ukuta mara moja zaidi, mahali alipokuwa ameketi Tui na jani tupu mapajani.

"Twende nyumbani," alisema. "Nina njaa."